CBT, DBT au PM+: uanze na ipi ukiwa na hasira, mawazo mengi au ugomvi usioisha

Huku Kigoma nikiongea na watu kuhusu tiba ya mazungumzo swali linalokuja mara nyingi ni ipi nzuri kuliko zote, na mi najibu inategemea shida yako ya muda huo imekaa wapi. Maana kuna mtu moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anataka kurusha kikombe. Kuna mwingine kwa nje ametulia kabisa ila kichwani wazo moja linazunguka tangu alfajiri. Na kuna ambaye yeye mwenyewe yuko sawa tu, ila kuna mtu hawaelewani, labda mdaiwa, labda mume, labda mama mkwe. Hao watatu ukiwapa ujuzi mmoja utamsaidia mmoja, wawili watasema haya mambo hayafanyi kazi kwetu.

Kwa hiyo hapa nalinganisha kwa kufuata shida, sio kwa kufuata jina la tiba. Ila majina lazima uyajue kwa sababu utakutana nayo ukitafuta msaada.

CBT (Cognitive Behavioural Therapy, tiba ya mawazo na matendo) ndo kongwe. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960 alikuwa anatibu watu wenye sonona akagundua wana mawazo yanayokuja yenyewe, haraka, na wanayaamini bila kuyahoji. Tiba yake ikajengwa hapo, ulikamate wazo, uliulize maswali, afu ubadilishe na unachofanya. DBT (Dialectical Behaviour Therapy) ilitoka ndani ya ukoo huohuo, ila aliyeitengeneza, Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alikuwa anahudumia watu wanaojidhuru na wanaotaka kufa, akaona ukimwambia mtu kama huyo badilisha mawazo anasikia kama unamwambia maumivu yake ni ya uongo. Akaweka vitu viwili pamoja, kujikubali na kubadilika, na mwaka 1993 akatoa mwongozo wake kamili. Mwaka 2011 akasema hadharani kwamba na yeye akiwa binti alilazwa hospitali kwa kujidhuru, na mimi hilo linanifanya niamini zaidi alichokiandika. PM+ (Problem Management Plus) ni ya Shirika la Afya Duniani, ilitoka 2016, ni fupi, na ilitengenezwa ili mtu wa kawaida aliyefundishwa vizuri aweze kuitoa bila kuwa daktari.

Mwili ukiwa umechemka

Hapa CBT weka pembeni kwanza. Mtu mwenye hasira iliyofika juu hawezi kuhoji wazo lake, na wala usimwambie "hebu fikiria vizuri" kwa sababu ndo unamwaga mafuta ya taa. John Gottman, mtafiti wa ndoa aliyekuwa chuo hichohicho cha Washington, alikuwa anawapima watu mapigo ya moyo wakiwa wanabishana, na anachosema ni kwamba mapigo yakipita kama 100 kwa dakika mtu hasikii tena mwenzake anasema nini, anasikia tu kushambuliwa. Ushauri wake ni mapumziko ya dakika 20 au zaidi, kwa sababu mwili hautulii kwa dakika mbili.

DBT wao wana njia ya mwili moja kwa moja. Ya kwanza ni maji ya baridi usoni, unajaza beseni, unaweka barafu, unavuta pumzi unaishikilia, unainamisha uso ndani ya maji mpaka kama sekunde 30, au unachukua pakiti ya maji kutoka kwenye friji unaikandamiza machoni na mashavuni huku umeinama na umebana pumzi. Mwili unadhani umezama, moyo unapunguza kasi wenyewe, hamna haja ya kuamini chochote ili ifanye kazi. Maji yawe ya baridi kweli ila sio chini ya nyuzi 10. Nalisema hili kwa sababu watu wa Kibirizi na Katonga watasema si tunalo ziwa hapo, hapana, maji ya juu ya Tanganyika yanacheza kwenye nyuzi 25, hayo ni ya kuogelea, kwa hili tafuta barafu kwa wauza samaki. Na mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za moyo na presha aulize daktari kwanza, hii kitu inashusha mapigo kwelikweli.

Ya pili ni mazoezi makali ya muda mfupi, kimbia, ruka, panda mlima wa Mwanga kwa haraka. Ya tatu ni pumzi, vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane, dakika chache hivi, kinachotuliza ni ile kutoa kuwa ndefu kuliko kuvuta.

Sasa kuchagua. Ukiwa sokoni au ofisini huwezi kuinama kwenye beseni, hapo ni pumzi, hakuna anayekuona. Ukiwa peke yako usiku na mawazo ya kujiumiza yamekuja, maji ya baridi ndo yana nguvu zaidi na yanakuja haraka, afu umpigie mtu simu palepale, usibaki peke yako. Ukiwa nyumbani kwenye ugomvi na mwenzako, mapumziko. Ila kuna kitu lazima tukirekebishe kwa mazingira yetu, mtu akiondoka katikati ya maneno huku kwetu hiyo ni dharau, na anayeachwa anazidi kuchemka, anamfuata mpaka nje na majirani wanatoka. Kwa hiyo usiondoke kimya. Sema "mama watoto, nimepandwa na hasira, naenda kuoga, tukishakula tutaliongea hili", afu mkishakula LIONGEE kweli. Ukiahidi mara mbili ukakwepa, mara ya tatu hautaruhusiwa kuondoka. Na hizo dakika 20 usizitumie kupanga majibu, maana ukienda bafuni unarudia rudia alichokwambia unarudi umechemka kuliko ulivyoondoka.

Wale wanaosali au kuswali wakipandwa na hasira waendelee, udhu wenyewe ni maji na utulivu, sioni kabisa kama vinashindana.

Wazo: ulihoji au ulikubali

Hapa ndo CBT na DBT zinaachana na watu wengi hawaoni tofauti.

Chukua mke ambaye mume wake ameenda Uvinza kikazi, ametuma meseji saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku hajajibiwa. Wazo linakuja, ana mwanamke huko. Tumbo linakaza, usingizi hamna. CBT inamwambia chukua daftari, andika kilichotokea (meseji haijajibiwa), andika wazo, andika unaliamini kwa asilimia ngapi, tuseme 90, afu andika ushahidi unaoliunga mkono na ushahidi unaolipinga. Akiangalia simu anaona tiki ni moja, ya kijivu, meseji haijafika hata kwenye simu ya mume, na jana alisema chaji inasumbua. Akiulizwa tena analiamini kwa ngapi labda anasema 30. Haijawa sifuri na wala haihitaji kuwa sifuri, inatosha alale, kesho aulize kwa sauti ya kawaida badala ya kupokea simu kwa matusi. Kwa wasiwasi wa namna hii, kusoma akili za watu, kukuza jambo, kutabiri mabaya, sijaona inayoizidi CBT. Kasoro yake ni daftari, mtu asiyependa kuandika anaacha siku ya pili, huyo afanye kwa mdomo na mtu anayemwamini, maswali ni yaleyale.

Sasa chukua mama mwingine, ameanika dagaa, mvua imekuja ghafla usiku, asubuhi mzigo wote umeharibika na nusu ya mtaji ulikuwa wa kikoba. Wazo lake ni "nimepoteza mtaji". Ukimwambia atafute ushahidi unaolipinga unamtukana. Wazo ni KWELI. Na kwenye ukanda wetu mambo ya kweli yanayouma ni mengi, 2024 ziwa lilipofungwa kuvua kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti kuna nyumba ambazo hazikuwa na wazo la kuhoji, zilikuwa na sufuria tupu.

Hapo DBT ina ujuzi wa kukubali hali kama ilivyo. Sio kuipenda, sio kusema ni sawa, wala sio kukaa chini, ni kuacha kupigana na kitu kilichokwisha kutokea, ile "kwa nini mimi, haikutakiwa iwe hivi, ningejua ningeanika ndani", ambayo inakula nguvu zote na mvua haitarudi juu. Unalikubali kwa mwili pia, unalegeza mabega, unalegeza taya, unafungua viganja, na unalikubali tena baada ya saa moja kwa sababu lile bishano linarudi. Afu ndo unahamia kwenye kutatua, na kwenye kutatua PM+ inaizidi DBT kwa urahisi: orodhesha shida, chagua moja unayoweza kuigusa, taja njia zote hata za ajabu, chagua moja, igawe vipande vidogo, panga siku na saa. Mama wetu huyu siku ya kwanza kazi yake inaweza kuwa moja tu, kwenda kwa mwenyekiti wa kikoba kabla habari hazijamtangulia.

Kwa hiyo kipimo ni hiki, jiulize wazo hili nina uhakika nalo au nakisia. Unakisia, CBT. Una uhakika na huwezi kulibadilisha leo, kukubali. Una uhakika na kuna sehemu unaweza kuigusa, kutatua. Wanaochanganya hapa ndo utakuta mtu anajilazimisha kuwa na mawazo chanya wakati anatakiwa aende kwa mwenyekiti.

Kudai, kukataa na kuelewana

Hii sehemu mi naipenda kuliko zote kwa sababu ndo inavunja urafiki na undugu mwingi, na watu wanadhani kuongea ni kipaji.

Mpango wa DBT wa kuomba au kudai unaenda hivi, eleza kilichotokea bila kupamba, sema kimekuathiri vipi, omba unachotaka kwa neno la wazi, mwambie atafaidika nini, na wakati wote shikilia hoja yako, jiamini, uwe tayari kupunguza. Marshall Rosenberg naye, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza miaka ya 1960 kufundisha kuongea bila kushambuliana, ana mpango wake wenye hatua nne: nilichoona, ninavyojisikia, ninachohitaji, ninachoomba. Kwa karatasi vinafanana. Mdomoni havifanani hata kidogo.

Uweke kwa deni. Dada amechukua dagaa wa laki na themanini, walikubaliana Jumamosi, imepita Jumamosi ya pili. Kwa DBT:

"Habari za asubuhi dada. Ule mzigo wa laki na themanini tulikubaliana Jumamosi ile, leo ni ya pili. Na mimi nadaiwa na mwenye mtumbwi, nimekwama. Naomba leo unipe hata nusu, ukinipa, mzigo unaokuja nakuwekea wewe wa kwanza."

"Kwani mi nimekukimbia? Mbona unanifanya kama mwizi?"

Hapa ndo wengi wanaanguka. Ameacha hela amehamia kwenye heshima, na ukimfuata huko mtaishia kukumbushana harusi ya mwaka juzi nani hakuchanga. Mpango unasema usifuate, rudi palepale kwa sauti ileile:

"Hujanikimbia dada, najua. Naomba nusu leo."

Akisema hana nusu, "sawa, nipe themanini sasa hivi, iliyobaki Jumatano, ngoja nikutumie meseji tuwe nayo wote". Basi. Hamna matusi, hamna kumtangaza, na kuna maandishi.

Kwa Rosenberg ingekuwa "nikiona Jumamosi mbili zimepita napata wasiwasi kwa sababu nahitaji uhakika wa biashara yangu, je unaweza kuniambia lini utalipa?" Ni nzuri, ni ya upole, ila kwa mdaiwa mzoefu hiyo ni nafasi ya kusema "wiki ijayo dada usijali" na ameshashinda. Kwa hela chagua DBT bila kusita.

Ila kwa mume, mke na watoto nageuka kabisa. Mke akitumia ule wa kudai ndani ya nyumba kila siku anakuwa kama afisa mikopo. Pale Rosenberg anafaa zaidi, "ukirudi saa tano bila kunipigia nakaa na hofu, nahitaji kujua uko salama, naomba ukichelewa unibipu tu", hamna "wewe siku zote", hamna "wewe na ndugu zako". Na DBT wana ujuzi mwingine wa kulinda uhusiano ambao unaendana na huo, kuwa mpole, onyesha unasikiliza, mthibitishie hisia zake hata kama hukubaliani na alichofanya, punguza ukali kwa tabasamu. Hiyo ya kuthibitisha watu wanaikwepa wakidhani ni kukubali kosa. Kijana akisema "baba hunisikilizagi", ukijibu "sio kweli, jana si nilikusikiliza" umemthibitishia kwamba husikilizi, ukijibu "naona imekuuma, hebu niambie ilikuwaje" hujakubali kosa lolote, umefungua mlango tu.

Kwa mtumishi mwenye mshahara ambaye kila mwisho wa mwezi simu hazikatiki, binamu ada, shemeji nauli, kuna ule ujuzi wa kulinda heshima yako, kuwa wa haki kwako na kwake, usiombe radhi kwa kisichohitaji radhi, simamia unachokiamini, usidanganye. "Mwezi huu sina uwezo huo shemeji, naweza elfu kumi" inatosha. Ule uongo wa ATM imemeza kadi unakuokoa leo, mwezi ujao unahitaji mwingine.

Na wakubwa je? Mama mkwe, baba mzazi, mzee wa ukoo. Hapa watu wanasema ujuzi wa Marekani umekwama, lakini hata Linehan anafundisha kwamba kabla hujaomba upime mamlaka ya mtu kwako, aina ya uhusiano na wakati, ndo uamue uombe kwa nguvu kiasi gani au usiombe kabisa. Kwetu kipimo hicho kinaleta jibu ambalo tunalo siku zote, tuma mtu, shangazi, wifi, mshenga, mtu mwenye umri wa kuongea na huyo mzee. Kosa tunalofanya ni kumtuma shangazi na malalamiko, "kamwambie nimechoka", anaenda nayo na anaongeza yake. Mpe hatua zilezile, kilichotokea ni kimoja, ombi ni moja, na wewe uko tayari kupunguza wapi. Ukimkuta mama mkwe mwenyewe, shikamoo mama, kaa chini, na hilo jambo usiligusie.

Huzuni na kukosa hamu

Hapa sina mengi. CBT, DBT na PM+ zote zinasema usisubiri hamu ndo utoke, toka kidogo hamu ikufuate. DBT wanakwambia fanya kinyume na hisia inavyokusukuma, huzuni inataka ulale, wewe toka uende mpaka dukani. CBT na PM+ wanakupangia ratiba ya vitu vidogo. Kwa mtu aliyechoka sana ratiba ni bora, kufanya kinyume kunahitaji nguvu ambayo hana. Na kufanya kinyume kuna sharti linalosahaulika, ni kwa hisia ambayo hailingani na hali halisi. Mvuvi anayeogopa kuingia ziwani siku upepo umechafuka hofu yake ni sahihi, aitii.

Muda, hela na nani atakufundisha

DBT kamili ni kubwa, kuna kikundi cha mafunzo cha wiki kama 24 ambacho mara nyingi kinarudiwa mpaka unafika mwaka, kuna kuonana na mtaalamu kila wiki, kuna kumpigia simu ukiwa katikati ya dhoruba. Kwa mkoa wetu hiyo nasema ukweli usiisubiri, ila ujuzi wake mmoja mmoja unajifunza na unafanya kazi. CBT ya kawaida ni vikao vya wiki kadhaa na mtaalamu. PM+ ni vikao vitano vya kama saa moja na nusu, pumzi, kutatua shida, kuanza kufanya vitu, kuimarisha watu wa karibu, imekwisha.

Watu wanadharau kinachotolewa na asiye na digrii na wanakosea. Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi kwenye benchi nje ya zahanati mwaka 2006, wanafundishwa kusikiliza na kutatua shida, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. PM+ ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake, wengi wao walikuwa wamepitia ukatili. Na hapa kwetu Moshi, pamoja na Bungoma Kenya, CBT ya watoto waliofiwa na wazazi ilitolewa kwa vikundi na watu wa kawaida waliofundishwa. Kwa mkoa ambao una kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mitaani, kama mtu ananiuliza kata iwekeze wapi nasema PM+ kabla ya kitu kingine chochote.

Pasipo na cha kulinganisha

Kuna mahali hizi zote tatu zinakaa nyuma. Anayepigwa nyumbani asijifunze kuongea vizuri zaidi na anayempiga, mpango wa kudai haukutengenezwa kwa hilo na unaweza kumletea kipigo kingine, aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtoto, au mtu mzima anayejua kuna mtoto anaumizwa, 116 ni bure kupiga. Anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, asiyelala siku nyingi na anaongea kasi sana, aliyeshapanga namna ya kufa, huyo ni wa hospitali leo hii, Maweni kwa walio mjini, kituo cha afya cha karibu kwa walio mbali, na aende na mtu wa kukaa naye mpaka aonane na daktari. Dawa akipewa asiziache kwa sababu ameanza mazoezi ya pumzi, vinaenda pamoja.

Ambaye hana hayo na anataka kuanza wiki hii, achukue pumzi ya nne kwa sita, afanye asubuhi na jioni akiwa ametulia, maana ujuzi unaojifunza ukiwa umeshachemka mwili hauukumbuki. Akishaizoea, aongeze daftari kama shida yake ni mawazo, au ule mpango wa kudai kama kuna mtu ana hela yake, na aanze na deni dogo.